Fundi Aliruka, Sisi Tukasifiwa

Swali la mwanafunzi wa kidato cha pili ndilo lililonipeleka Zambia. Nafundisha jiografia katika shule moja hapa Kigoma, na siku hiyo nilikuwa nimechora mto Zambezi ubaoni, nikaweka mshale wa chaki mahali maji yanapodondoka kwenye korongo. Nikawaeleza kwamba ngurumo yake husikika kutoka mbali na mvuke wake hupanda juu mpaka mtu akadhani kuna moto. Msichana wa dawati la mbele akanyoosha mkono.

"Mwalimu, wewe umefika?"

Nikamwambia sijafika. Hakucheka wala hakuwa na nia mbaya. Aliinama tu akaandika kitu kwenye daftari lake, na mimi nikarudi nyumbani Katubuka nikijiuliza ameandika nini.

Nilikuwa na miaka thelathini na sita. Nilikuwa nimefundisha majangwa, milima na bahari za dunia nzima bila kuvuka mpaka hata mmoja. Kongo naiona karibu kila siku, ipo hapo ng'ambo ya ziwa. Mvua ikishanyesha na hewa ikawa safi, mikunjo ya milima yake unaiona mmoja mmoja. Hata hiyo sijawahi kuikanyaga.

Jumamosi iliyofuata niliwasimulia marafiki zangu wawili. Mmoja ni fundi cherehani mwenye kibanda chake Mwanga, karibu na soko. Nimesoma naye tangu darasa la kwanza. Kazaliwa Ujiji, kaolewa Ujiji, na mume wake alipofariki kwa homa ya siku nne alibaki huko huko Ujiji, nyumbani kwa mama mkwe wake, yeye na binti zake wawili. Maneno yake ni machache. Akikutazama unahisi anakupima mabega. Wa pili ni mfanyabiashara wa dagaa kutoka Ilagala, ambaye tulimpata sekondari alipokuja kusoma mjini. Huyu sauti yake hutangulia kufika. Amekulia kwenye mitumbwi, kule mto Malagarasi unakoingia ziwani, anaogelea kuliko wanaume wengi ninaowajua, na dagaa wake amewapeleka mpaka Tunduma na kuvuka nao mpaka. Sisi watatu hatuitani majina. Mimi ni mwalimu, yule ni fundi, na yule mwingine ni tajiri, ingawa utajiri wenyewe yeye ndiye wa kwanza kuucheka.

"Sasa si twende," Tajiri alisema kabla sijamaliza. "Shule zikifungwa mwezi wa sita, twende."

"Tukaangalie maji?" nikamuuliza.

"Maji, na daraja. Pale kuna daraja, mtu anafungwa kamba miguuni anajirusha kichwa chini. Wenyewe wanaita banji. Dereva mmoja wa lori alinionyesha kwenye simu pale Tunduma, nikasema hili ni letu. Tunaruka wote watatu. Tukirudi hapa Mwanga, watu watatupisha njia."

Nilicheka. Nilidhani ni maneno ya kibandani, yale ambayo huisha mteja akiingia. Fundi alikuwa anamalizia pindo la sare ya shule. Akakata uzi kwa meno.

"Mabegi nitashona mimi," alisema.

Akayashona kweli. Alipata kipande cha turubai la kijani, lile zito la kufunikia malori, akaweka bitana ya kitenge ndani, na kwenye mikanda ya mabegani akajaza vipande vya blanketi kuukuu ili isitukate. Kila begi alilipima kwenye mgongo wa mwenyewe. La Tajiri lilikuwa pana, langu jembamba na refu.

Ruhusa ya Fundi tulikwenda kuiomba pamoja. Mama mkwe wake ni mama mrefu, mkavu, anayefundisha wasichana Kurani barazani kwake, na kwa muda wote ambao nimemfahamu sijawahi kumwamkia bila kwanza kujiweka sawa. Tulimwambia tunakwenda kuona maporomoko ya maji. La kamba hatukulisema. Alitutazama mmoja baada ya mwingine, kisha akamwambia mkwewe, "Nenda, mwanangu. Umekaa ndani sana. Ila usitembee peke yako."

Tulisafiri siku nyingi kuliko tulivyopanga. Mpanda, Sumbawanga, Tunduma, kisha tukavuka kwa miguu mpaka Nakonde tukiwa na mabegi mgongoni, Tajiri mbele akisalimiana na watu wa pande zote mbili. Mimi niligongewa muhuri wa kwanza katika pasipoti yangu nikasimama kuutazama mpaka askari akaniambia, "Mama, songa." Toka hapo Lusaka, na toka Lusaka Livingstone, ambako tulilala kwenye nyumba ya wageni ya vitanda vya juu na chini, chumba kimoja na wasichana wa Kizungu waliokuwa wakizunguka Afrika. Walikuwa na mabegi ya bei kali yenye vyuma na vifungo vingi. Mmoja wao aliligeuzageuza begi la Fundi, akauliza limenunuliwa wapi. Nikamtafsiria. Fundi akajibu, "Mwambie Mwanga," kama vile kila mtu anapajua.

Maporomoko yenyewe tulikaa nayo siku mbili. Sitayaeleza sana, nimeshayaeleza ubaoni kabla sijayaona na nilikosea karibu kila kitu. Mvuke wake haupandi tu, unarudi chini ukiwa mvua, na unalowa mpaka nguo za ndani huku jua linakuwakia. Watu wa kule wanayaita kwa jina lenye neno moshi ndani yake, moshi ule ule wetu. Fundi alifurahi sana kulisikia. Alilirudia njia nzima.

Siku ya tatu tukaenda darajani.

Daraja liko katikati ya nchi mbili. Unapita kwenye ofisi ya mpaka wa Zambia wanakupa kikaratasi, kisha unatembea, na kabla hujafika Zimbabwe unakuta vijana wa kamba katikati ya daraja. Malori yanapita nyuma yako na chuma chote kinatetemeka. Chini, zaidi ya mita mia moja, mto ni wa kijani kibichi, una mapovu meupe, na ndege wanaruka huko chini, yaani unawaona mgongoni.

Tajiri alikuwa ameimba toka tulipotoka kitandani. Tulipofika katikati, aliushika ukingo, akainama kutazama chini, akanyamaza. Kisha akarudi nyuma akaketi kwenye sakafu ya daraja, miguu ameinyoosha mbele.

"Tangulieni," alisema. "Kuna kitu tumboni. Nitafuata."

Tulipimwa uzito, tukaandikwa namba mkononi kwa kalamu ya wino mzito. Fundi alikuwa amejishonea suruali pana ya kitenge kwa ajili ya siku hiyo, na juu yake akavaa blauzi ya mikono mirefu aliyoichomekea. Shida ilikuwa ushungi. Kijana wa pale, mpole, alieleza kwamba pini haziruhusiwi, wala kitu chochote kinachoweza kuchomoka. Nikadhani mambo yameishia hapo. Fundi akafungua mfuko wa pembeni wa begi lake, akatoa sindano iliyokwisha kutungwa uzi.

"Nishone," akaniambia.

"Nikushone wapi?"

"Hapa nyuma ya shingo, halafu hapa chini ya kidevu. Shona karibu karibu. Ukinichoma si kitu."

Nikamshona ushungi wake pale darajani, watu wa nchi kadhaa wakitutazama. Nilimchoma mara mbili.  Nilipomaliza alinivuta kidole akakipitisha juu ya mshono, kama mwalimu wa ushonaji anavyomwonyesha mwanafunzi, akasema, "Umeacha nafasi kubwa hapa, lakini utashika."

Halafu akafanya jambo ambalo sikuona mtu mwingine akilifanya siku ile. Waliposogea kumvalisha mikanda, aliwaomba wasubiri. Akaichukua mkononi, akaigeuza upande wa ndani, akaufuata mshono kwa ukucha toka mwanzo mpaka mwisho. Akavuta. Akatazama pale mkanda unaporudi juu ya mkanda mwingine na kushonwa kwa alama ya msalaba. Yule kijana alinitazama mimi, nikainua mabega.

"Aliyeshona hapa anajua kazi," Fundi alisema. "Nivalisheni."

Lakini zamu ya kwanza ilikuwa yangu. Waliniita kwa namba. Nilifungwa taulo kwenye vifundo vya miguu, kamba juu yake, nikaruka ruka miguu pamoja mpaka kwenye kibao cha mwisho, kijana mmoja kila upande. Wakaniambia nitazame mbele, nisitazame chini, ninyooshe mikono. Niliinyoosha. Vidole vyangu vya miguu vilikuwa nje ya kibao, hewani. Wakaanza kuhesabu kurudi nyuma kwa Kiingereza, toka tano, na wageni waliokuwa nyuma wakaitikia.

Walifika moja. Mimi nilikuwa bado nimesimama.

Walihesabu tena. Safari hii nilifunga macho, nikasema ndani yangu, sasa, sasa, na mwili ukakataa. Sikuwaza watoto wala mama yangu wala kifo. Watu hupenda kuniuliza niliwaza nini. Sikuwaza chochote. Magoti yalikuwa yamefanya uamuzi wao, nami sikuwa na nafasi katika kikao hicho.

"Nirudisheni," nikasema kwa Kiswahili, na walinielewa.

Fundi alinipita. Alisimama pale pale niliposimama mimi. Walipofika tatu, midomo yake ilikuwa ikisoma dua. Walipofika moja, alikwenda. Hakupiga kelele. Nilikimbilia ukingoni nikaona kitenge chake kikipungua, rangi ya chungwa na bluu, kikazidi kupungua, kikawa kama kipande kilichokatwa kikaanguka chini ya meza yake, kisha kamba ikamvuta akarudi juu akiwa ametanua mikono. Nyuma yangu nilisikia mtu analia. Alikuwa Tajiri, bado ameketi, hata kuona hakuona.

Walimpandisha kwa kamba nyingine hadi njia ndogo iliyo chini ya daraja, akatembea mwenyewe kuja juu. Macho yalikuwa mekundu na ushungi upo mahali pake. Tukamkumbatia. Tajiri alimshika uso kwa mikono miwili akawa anasema, "We mwanamke, we mwanamke," basi hilo tu.

Jioni ile, Tajiri alipokwenda kuoga, nilimuuliza Fundi ilikuwaje.  Akasema kwamba mwanzo tumbo linabaki juu wewe unakwenda. Halafu inafika mahali sauti yote inakatika, hata mto husikii, na unaona ukuta wa mawe unapanda, siyo wewe unashuka. Akasema alifungua kinywa akashindwa kukifunga kwa upepo. Kisha akaongeza jambo ambalo sikulitarajia.

"Toka mume wangu alipofariki, mwalimu, hakuna siku imepita sijapewa pole. Mteja akija kuchukua nguo, pole. Nikienda sokoni, pole. Miaka mitatu. Wanasema kwa wema, najua. Lakini pale nilipokuwa naanguka, nilikuwa mtu anayeanguka tu. Hakuna aliyenipa pole."

Tulipokuwa tunarudi, kwenye basi la kutoka Lusaka, alituomba kitu. Tukifika nyumbani, tuseme yeye alishika mabegi.

"Kwa nini?" Tajiri aliuliza.

"Mjane, suruali, amening'inizwa miguu juu mbele ya wanaume. Ujiji unaijua. Nami nakaa na mama mkwe. Semeni nilishika mabegi."

"Na sisi je?"

"Ninyi semeni mnalotaka."

Nakumbuka Tajiri alinitazama, nami nikageuka kutazama dirishani. Hatukukubaliana kitu. Ndiyo maana najua lilikuwa kosa la wote wawili.

Siku ya kwanza kurudi Mwanga, mama mmoja muuza nyanya alituuliza habari za safari. Tajiri akasema kwa ile sauti yake, "Tumeruka! Mimi na mwalimu. Fundi alishika mabegi." Akina mama wakapiga vigelegele. Mmoja akanishika mkono akautikisa. Fundi alikuwa anafungua kufuli la kibanda chake, ametupa mgongo. Mimi nilitabasamu. Sentensi moja ingetosha kurekebisha, na niliiona ikipita mbele yangu kama basi ambalo hukulisimamisha.

Baada ya hapo kila siku ilizidi kuwa ngumu kusema. Jirani zangu Katubuka waliniita mama kamba. Mwendesha bodaboda mmoja alikataa nauli yangu. Kaka yangu, ambaye tangu utoto hunisimulia kama dada mwoga aliyekuwa akilia akiona mbuzi, alibadilisha hadithi yake kabisa. Na shuleni, mkuu wa shule akaniomba nizungumze na kidato cha nne kabla ya mitihani yao, kuhusu ujasiri.

Ningeweza kusema naumwa. Nilikwenda. Nilisimama mbele ya ukumbi uliojaa, nikawaambia kwamba mwanzo tumbo linabaki juu wewe unakwenda. Nikawaambia sauti yote inakatika. Nikawaambia ukuta wa mawe unapanda, siyo wewe unashuka, na kinywa changu kilishindwa kufunga kwa upepo.  Walipiga makofi wamesimama. Nilipotoka nje nilikwenda nyuma ya maabara nikatapika.

Kuongopa kwamba umeruka ni jambo moja. Lakini nilikuwa nimechukua maneno aliyonipa rafiki yangu kwa taabu, mtu ambaye hana maneno mengi ya kugawa, nikayavaa.

Nilikwenda kibandani moja kwa moja nikamweleza. Alikuwa anafumua mshono wa gauni lililombana mteja.

"Ulisemaje?" akauliza.

"Nilisema kama ulivyoniambia. Neno kwa neno."

Aliendelea kufumua. Uzi ulikuwa unatoka kidogo kidogo.

"Ulisema na lile la pole?"

"Hapana. Hilo sikulisema."

"Basi," alisema. Baadaye kidogo akasema tena, "Basi, mwalimu. Njoo Ujiji Ijumaa, ule na sisi."

Ijumaa nilikwenda, baada ya watu kutoka msikitini. Binti zake walitandika mkeka, wakaleta ugali wa muhogo na samaki wa migebuka waliopikwa kwa mawese. Tulipokwisha kula na kunawa, watoto wakatoka na vyombo, Fundi aliketi sawasawa mbele ya mama mkwe wake, akasema, "Mama, kule Zambia sikushika mabegi."

Akamweleza yote. Mama mkwe alisikiliza amefumba macho nusu, kama anavyowasikiliza wasichana wake wakisoma aya, ili akamate kosa.

"Walikufunga wapi?"

"Vifundoni, mama. Na mikanda kiunoni na kifuani."

"Nguo?"

"Suruali pana niliyoshona mwenyewe. Ushungi mwalimu aliushonea kichwani hapo hapo."

Akanigeukia mimi. "Na wewe uliruka?"

"Sikuruka, mama."

"Mjini wanasema umeruka."

"Wanasema. Niliwaacha waseme."

Nilingoja anikaripie. Hakunikaripia, aliniacha tu nikae na jibu langu, na hiyo ilikuwa nzito zaidi. Kisha akamrudia mkwewe, na sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Ulipokuwa huko chini ulimwona?"

"Nani, mama?"

"Mwanangu."

 Nilidhani atasema uongo wa huruma, mimi ningesema.

"Hapana, mama. Sikumwona mtu yeyote."

 Nje kulikuwa na mtu anatwanga, na mtoto anaimba hesabu ya kuzidisha. Mama mkwe alisema, "Afadhali. Umepumzika kidogo." Alinyoosha mkono akamtengenezea ushungi ambao haukuwa na kasoro yoyote, akaita wajukuu walete chai.

Ikawa yeye mwenyewe ndiye aliyewaambia watu. Wageni walipokuja kumjulia hali, aliwaambia mkwe wake ameruka daraja la Zambia peke yake, Tajiri alibaki ameketi akisingizia tumbo, na aliyekuwa na la kusema alitazamwa mpaka akalimeza. Jumatatu iliyofuata niliomba nafasi kwenye mkusanyiko wa asubuhi shuleni, nikawaambia wanafunzi kwamba niliyowaeleza kidato cha nne yalikuwa ya rafiki yangu, na mimi nilisimama ukingoni nikarudi. Baadhi walicheka, ndiyo. Mkuu wa shule hakunisemesha siku mbili. Nilirudi darasani nikaendelea na mito.

Aliyeumia alikuwa Tajiri. Hakuna aliyemwonya. Alifika Mwanga na magunia yake ya dagaa, akakuta wale wale waliompigia vigelegele wakimuuliza kama kitu cha tumboni kimepona. Aligeuza siku hiyo hiyo akarudi Ilagala. Simu hakupokea. Zilipita wiki sita bila yeye, na kibandani kwa Fundi kukawa na kimya ambacho hatukukizoea. Tulikuwa tunasikia cherehani tu.

Alikuja kwangu Katubuka Jumapili moja mchana, bila taarifa, ameshika kuhe mkubwa kwa uzi wa mdomoni. Nilimpokea samaki, nikamkaribisha jikoni. Akaketi kwenye kigoda akaanza kumpaa magamba kama aliye kwake.

"Mngeniambia," alisema.

"Tungekuambia. Nisamehe."

"Mimi ndiye niliyewapeleka kule. Mimi ndiye niliyesema tutaruka. Unajua nilivyojisikia?"

"Najua. Mimi nilisimama pale mpaka vidole vikawa nje."

Alifanya kazi kidogo, magamba yakiruka mpaka ukutani. Kisha akasema, bila kuniangalia, "Nimewahi kukaa ziwani na mawimbi yanaingia mtumbwini, mwalimu. Watu watano, mzigo umelowa, mmoja anasali kwa sauti. Sikuogopa. Yaani niliogopa, lakini nilikuwa na kopo mkononi, nachota maji natupa nje. Ukiogopa unachota. Unachoka hata kuogopa unasahau. Pale darajani nikainama nikatazama, nikajiuliza, hapa nitachota nini? Hakuna kazi ya mikono pale. Wamekufunga, wewe ni mzigo tu. Nikasikia miguu imekwisha."

Sikuwa nimewahi kulifikiria hivyo. Miaka yote niliyomfahamu nilidhani ujasiri wake ni kitu alichozaliwa nacho, kama urefu, na nikawa namwonea wivu. Nilimwambia hivyo. Akacheka, mara ya kwanza siku ile, akanirushia gamba.

"Na wewe ulishindwa na nini?" akauliza.

"Sijui," nikamwambia. "Nimejiuliza sana, sijui."

"Utajua."

"Labda. Na labda nisijue."

Tulimpigia Fundi simu aje. Alikuja jioni jua likiwa bado juu kidogo ya milima ya Kongo, na futi ya kupimia ikiwa shingoni maana alitoka kazini. Alisimama mlangoni, akamtazama Tajiri kutoka kichwani mpaka miguuni.

"Umepungua," alimwambia.

"Nimepungua kwa ajili yenu."

"Basi magauni yako niyabane," akasema Fundi, akamsimamisha pale pale jikoni, mikono yenye harufu ya samaki ikiwa imeinuliwa juu, akaanza kumpima kiuno.